Hivi kwenye WMA (maeneo ya hifadhi ya wanyamapori kwenye ardhi ya vijiji), kati ya serikali, mwekezaji na kijiji, nani anakula na nani anaosha vyombo?

#1 Mlinzi wa Shamba
Wakuu, habari za jioni.

Niko kijiji kimoja kilichomo ndani ya WMA huku kaskazini. Sikitaji, maana mwenyekiti wetu naye anashinda mitandaoni. Tulipoanza tuliambiwa hivi: tengeni ardhi, msilime huko, msichome mkaa, mchunge kwa ratiba. Serikali itasimamia wanyama, mwekezaji ataleta kambi na watalii, ninyi mtapata gawio. Tukatenga. Kambi ipo, usiku inawaka taa kama nyumba ya harusi. Gawio likija linatosha bati za darasa moja, misumari tunachangishana.

Juzi tembo wameingia kwa jirani yangu, mahindi yamefika ya kuchoma. Anayewajua tembo anajua: hachumi gunzi akaondoka. Anang'oa shina zima, analikung'uta mguuni udongo utoke, anakula juu, mengine anayakanyaga akielekea mstari wa pili. Tumepiga madebe mpaka mikono imevimba. Tumewapigia askari wa jumuiya, kile chombo cha vijiji kinachoendesha WMA, gari halina mafuta. Tumewapigia kambi, wakasema mashamba si sehemu ya mkataba wao.

Sasa huu "ushirikiano wa serikali na sekta binafsi katika uhifadhi" tunaosomewa kwenye semina, sisi wanakijiji ni wabia au ni wasindikizaji? Na hela inakwama wapi? Nawasilisha.

#2 Kaa la Moto
Siti ya mbele, karanga mkononi. Ngoja waje wenye nchi yao.

#3 Dereva wa Porini
Pole mkuu. Mimi nimebeba watalii miaka mingi, nikupe upande wa kampuni. Mgeni akilala kambi iliyo ndani ya WMA kuna ada ya kuingia na ada ya kulala, kwa kila kichwa, kila usiku. Hiyo hela siku hizi hailipwi pale kijijini wala ofisi ya jumuiya. Inalipwa kwa namba ya malipo ya serikali, inaingia mfumo wa wizara, halafu inagawanywa na fungu la jumuiya linarudishwa. Neno la kulitazama hapo ni "linarudishwa". Kampuni imelipa Julai wakati wageni wamejaa, jumuiya inaisubiri mpaka msimu wa mvua, kambi zimefungwa. Ndiyo maana gari la askari halina mafuta mahindi yakikomaa.

Kwa hiyo usimtukane mwekezaji peke yake.

#4 Mlinzi wa Shamba
@Dereva wa Porini sijamtukana mtu. Ila mwekezaji ana magari matatu yenye mafuta na hata moja halikuja kuwasha taa kwa dakika kumi.

#5 Ndalichako wa Mtaa
WMA zilianzishwa na Sheria ya Wanyamapori ya 2009 ili wazungu wapate ardhi za vijiji bila kununua. Ndiyo mchezo wote huo. Nimemaliza.

#6 Bibi Mstaafu
@Ndalichako wa Mtaa hujamaliza, ndiyo kwanza umeanza vibaya. Nilikuwa idara ya wanyamapori wakati huo. Wazo liko kwenye Sera ya Wanyamapori ya 1998. Kanuni za kwanza za WMA ni za 2002, na uzinduzi ukafanyika Januari 2003. Sheria Na. 5 ya 2009 ilikuta jumuiya zimeshaanza kazi. Kanuni zenyewe zimebadilishwa tena na tena: 2005, 2012, 2018.

Na kabla ya hapo hali ilikuwaje? Kitalu cha uwindaji kilikuwa kinakaa juu ya ardhi ya kijiji, mwindaji analipa Dar, kijiji kinasikia mlio wa bunduki tu. Sera ya 1998 ilikuja kusema mwanakijiji asipofaidika na mnyama atamla au atamuuza. Hilo lilikuwa sahihi. Lililofuata ndilo refu: kijiji kiwe na hati na mpango wa matumizi bora ya ardhi, jumuiya isajiliwe na iwe na katiba, ramani, mpango wa maeneo, ndipo ipewe haki ya matumizi. Ziko jumuiya zilizofika mwisho wa hiyo safari waanzilishi wake wameshazeeka.

#7 Ndalichako wa Mtaa
Bibi, shikamoo. Mwaka uwe wowote, wazungu ni walewale.

#8 Bibi Mstaafu
Marahaba. Kambi nyingine ni za Waarusha na Wachaga, ukiwaita wazungu watakushangaa.

#9 Hesabu Zangu
Niliwahi kushika vitabu vya jumuiya moja, sitaitaja. Watu wanaruka hesabu nyepesi kuliko zote: kugawa.

Kanuni zinataka angalau nusu ya mapato ya jumuiya yaende vijijini. Nusu iliyobaki inaendesha ofisi, askari wa vijiji, sare, mafuta, posho za vikao. Sasa chukua MBOMIPA kule Iringa, vijiji 21. Burunge pale kati ya Tarangire na Manyara, vijiji 10. Nusu ya mapato unaigawa kwa 10 au 21, halafu kila kijiji kina watu elfu kadhaa. Hata kama hakuna anayeiba senti, mwananchi mmoja mmoja anapata harufu. Nilikuwa nasoma taarifa ya mapato mbele ya mkutano mkuu, watu wanashangilia jumla. Nikifika kwenye mgawo, kimya, halafu mzee mmoja anauliza "na zile nyingine?" Hakuna zile nyingine. Zimegawanywa.

#10 Pawaga Halisi
@Hesabu Zangu kwa wasiojua, MBOMIPA ni Matumizi Bora ya Malihai Idodi na Pawaga. Huku tuko mlangoni kwa Ruaha. Nakuunga mkono nusu. Nusu nyingine, usijifanye hakuna mlo ofisini. Posho za vikao ni nini kama siyo mlo? Kikao cha kujadili kikao. Kwetu kilichokera zaidi ni mgawo wa sawa kwa sawa: kijiji kilichotoa eneo kubwa lenye maji na wanyama kinapata sawa na kilichotoa kichaka cha kuni.

#11 Hesabu Zangu
@Pawaga Halisi ukigawa kwa ukubwa wa eneo, hao wa kichaka wanajitoa, na kichaka chao ndiko tembo wanakopita. Ukishakatika mlolongo hakuna WMA.

#12 Olesikari Narok
Sasa ndugu zangu Watanzania. Mimi ni wa upande huu mwingine, Narok, Kenya. Kwetu mambo ya gawio la kijiji hakuna. Ranchi za kikundi ziligawanywa, kila mtu akapata shamba na hatimiliki yake. Wenye mashamba wakaungana, wakakodisha ardhi kwa wenye kambi. Hifadhi ya Naboisho, jirani na Maasai Mara, ilianza 2010 hivyo. Unalipwa kwa ekari, kila mwezi, mgeni akuje asikuje. Pesa inaingia kwa akaunti yako, si ya chifu. Kwa hivyo simba ni mali yangu, nikimwona namhesabu kama ng'ombe.

#13 Wakili Kijana
@Olesikari Narok hapo mwisho umeteleza. Simba si mali yako hata Kenya. Sheria yenu ya wanyamapori ya 2013 inasema wanyama ni wa taifa. Wewe unalipwa kwa ardhi, kwa kukubali usijenge wala kuweka uzio. Kusini kidogo, Namibia, marekebisho ya sheria ya 1996 yaliipa jamii haki ya kunufaika na wanyama wenyewe, na mapato ya utalii na uwindaji yanaingia moja kwa moja kwenye mfuko wa hifadhi yao. Hizo ni njia tofauti, msizichanganye.

Tanzania tuna shida ya tatu: hata ardhi si ya mtu. Ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wote, Sheria Na. 5 ya 1999, na yote kwa ujumla iko chini ya Rais kama mdhamini. Huwezi kunakili Naboisho kule Longido labda uanze kwa kukata viwanja, na ukikata viwanja umeua ufugaji.

#14 Nasieku
Kaka yangu wa Narok anasimulia kama mwanaume mwenye hati. Uliza wajane. Uliza mabinti. Wakati wa kugawa ranchi majina yaliyoandikwa ni ya wanaume, kwa hiyo kodi ya ardhi inaingia kwao. Mama yangu anauza shanga kwenye lango la hifadhi, hiyo ndiyo "sekta binafsi" yake. Na 2020 wageni walipokatika, hiyo "mgeni akuje asikuje" ilikuwaje? Malipo yalipunguzwa. Semeni yote.

#15 Olesikari Narok
@Nasieku dada umenipiga na rungu mchana. Ilipunguzwa, ndiyo. Lakini haikukauka.

#16 Kaa la Moto
Karanga zimeisha, naagiza mihogo. Endeleeni.

#17 Boran wa Isiolo
Msisahau na kwetu kaskazini. Januari 2025 mahakama ya mazingira na ardhi iliamua kwamba hifadhi mbili za jamii hapa Isiolo zilianzishwa kinyume cha sheria, wananchi hawakushirikishwa inavyotakiwa. Kwa hivyo "mfano wa Kenya" ni upi? Mara ni Mara, Isiolo ni Isiolo. Mfugaji anayehama na mvua huwezi kumkodishia ekari.

#18 Mwindaji Mpole
Hakuna aliyegusa soko, ngoja niguse mimi.

WMA nyingi za kusini na magharibi, kina Ipole na Uyumbu huko Tabora, hazina watalii wa picha. Nani atasafiri mpaka miombo, mbung'o wanamng'ata, nyasi zimemfika kichwani, aone digidigi? Huko anakwenda mwindaji. Sasa Aprili 2014 Marekani ikasimamisha uingizaji wa nyara za tembo kutoka Tanzania. Mwindaji wa Kimarekani ndiye mteja mkubwa, na tembo ndiye aliyekuwa anabeba bei ya safari nzima. Makampuni yakaanza kurudisha vitalu, maana ada ya kitalu ipo palepale. Kitalu kikirudishwa, kijiji hakina mwekezaji, serikali haina ada, askari hawana mafuta, jangili ana nafasi. Hapo utamlaumu mhasibu wa jumuiya?

#19 Bibi Mstaafu
Marekani hawakuamka tu asubuhi, @Mwindaji Mpole. Sensa ya 2009 tulikuwa na tembo zaidi ya 109,000. Ya 2014, kama 43,000. Selous peke yake 2013 walihesabiwa 13,000 na ushee. Ungekuwa wewe ungeruhusu pembe ziingie kwako?

#20 Bandari Salama
Na hao waliopungua hawakutoka kwa miguu. Walipita bandarini. Nilikuwa kwenye uwakala wa forodha, ngoja niseme lililokuwa magazetini tu. Agosti 2011 Zanzibar walikamata vipande zaidi ya elfu moja vya pembe ndani ya shehena ya dagaa wakavu. Dagaa, jamani. Harufu inafukuza mbwa na afisa pamoja. Ndiyo maana baadaye kampuni za meli na ndege zikavutwa kwenye hii vita, Machi 2016 walitia saini azimio London, kwenye jumba la Buckingham. Huo nao ni ushirikiano wa serikali na viwanda na hakuna anayeukumbuka, kila mtu anawaza kambi na hema. Mwenye meli anajua nani kabadilisha karatasi za mzigo njiani na nani kalipa fedha taslimu kwa mzigo wa bei ya kutupa. Askari wa porini hawezi kujua hilo.

#21 Ndalichako wa Mtaa
Na Operesheni Tokomeza, ule msako wa majangili, mnairuka? Oktoba 2013 serikali ilishirikiana na nani? Watu walipigwa, ng'ombe walipigwa risasi, Bunge likachachamaa, Desemba mawaziri wanne wakaondoka kwa mpigo. Huo ndio uhifadhi.

#22 Bibi Mstaafu
Hapo sikupingi hata neno moja.

#23 Dereva wa Porini
Tokomeza ilikuwa nguvu. Kilichoshusha ujangili ni upelelezi, kumfuata mnunuzi mjini badala ya kumkimbiza mbeba mzigo. Yule mama wa Kichina waliyemwita Malkia wa Pembe alihukumiwa miaka 15 mwaka 2019, na alikuwa na mgahawa wake Dar, siyo bunduki. Na mashirika binafsi yaliweka hela kwenye upelelezi huo. Wayne Lotter wa PAMS, moja ya mashirika hayo, aliuawa Dar Agosti 2017 kwa kazi hiyo.

#24 Longido Juu
Wakati mnazungumza ya zamani, huku WMA ya Enduimet tuna la sasa. Tembo wa Amboseli wanavuka kupitia ushoroba wa Kitendeni kuja kula upande wetu wa Kilimanjaro. Hawana pasi ya kusafiria. Kuanzia Septemba 2023 madume kadhaa yakawindwa upande huu, wale wenye pembe za kugusa chini, pembe moja kilo 45 na kupanda. Wakenya wakapiga kelele kwamba kulikuwa na makubaliano tangu 1995 kutowinda tembo mpakani. Wa kwetu wakajibu, makubaliano yako wapi, yameandikwa wapi? Kisheria uwindaji Tanzania ni halali. Kenya walipiga marufuku 1977.

Mimi sina upande. Dume likiwindwa, jumuiya inapata ada ya mara moja. Likiwa hai, linapigwa picha Amboseli, hela inabaki Kenya. Sisi tunalilisha tu.

#25 Olesikari Narok
@Longido Juu hiyo ya mwisho inauma kwa sababu ni kweli kiasi. Lakini dume la miaka 40 ndilo linapanda majike na kufundisha vijana adabu. Ukiliondoa utaona vijana wanavyosumbua mashamba.

#26 Mwindaji Mpole
Vijana wanasumbua mashamba hata baba akiwepo. Muulize mwenye uzi.

#27 Mlinzi wa Shamba
Nipo, nasoma. Mmefika bandarini na London, mimi nimebaki na mahindi. Yule jirani kaandikiwa fomu ya kifuta jasho. Kuna anayejua atapata nini?

#28 Wakili Kijana
Kwa jedwali la kanuni za 2011 viwango vilikuwa hivi, aulize wilayani kama vimebadilika: shamba lililo ndani ya mita 500 kutoka mpaka wa hifadhi, hakuna kitu. Mita 500 hadi kilomita moja, shilingi 25,000 kwa ekari. Kilomita moja hadi nne, 50,000. Zaidi ya hapo 75,000, na ukivuka kilomita tano 100,000. Mwisho ekari tano, hata kama umelima ishirini. Mtu akiuawa, kifuta machozi milioni moja. Fomu inatoka kijijini, afisa wanyamapori wa wilaya anathibitisha, inapanda wizarani. Kwa hiyo kwanza mwambie apime umbali.

#29 Mlinzi wa Shamba
Yaani aliye karibu zaidi na tembo ndiye anayelipwa sifuri?

#30 Wakili Kijana
Mantiki yao ni kwamba hukutakiwa kulima mlangoni pa mnyama. Kama mantiki hiyo inakufaa ni jambo lingine.

#31 Olesikari Narok
Kwetu mtu akiuawa sheria ya 2013 inasema milioni tano za Kenya.

#32 Nasieku
Inasema. Malizia sentensi, inalipwa lini? Kuna familia zimezika, zimekaa matanga, mtoto kaoa, faili bado.

#33 Nyuki Mkali
Niwarudishe shambani. Chukueni pilipili kichaa iliyokaushwa na kusagwa, changanya na oili chafu ya gari, paka kwenye kamba ya katani na vitambaa, zungusha shamba kwenye nguzo. Tembo hapendi. Tatizo mvua, ikinyesha unapaka upya, na oili chafu siku hizi inauzwa. Njia nyingine mizinga ya nyuki iliyounganishwa kwa waya, akigusa waya mizinga inatikisika. Imejaribiwa sana Sagalla, jirani na Tsavo. Unapata na asali. Lakini kiangazi kikali nyuki wanahama na mizinga inabaki mapambo.

Hapa ndipo kambi inaweza kusaidia bila mkataba mpya: oili chafu ya magari yao wanaitupa wapi?

#34 Dereva wa Porini
@Nyuki Mkali hiyo ya oili nimeipenda. Gereji za kambi zina madumu yamejaa. Lakini meneja ataogopa kuandikwa kwamba anamwaga oili hifadhini.

#35 Loliondo Damu
Mnaongea pilipili. Juni 2022 kilomita za mraba 1,500 zimewekewa vigingi Loliondo, na hapo palikuwa na "mwekezaji" na "serikali" wakishirikiana vizuri kabisa. Ushirikiano wao ukikamilika, wewe ndiye unayehama.

#36 Msimamizi wa Jukwaa
Loliondo ina uzi wake, tusihamishie huku. Matusi mawili nimeyafuta, wenyewe mnajijua.

#37 Loliondo Damu
Hata hapa tumehamishwa. Sawa.

#38 Kaa la Moto
😂😂 Huyu apewe maji.

#39 Mlinzi wa Shamba
Shukrani wakuu. Mkutano mkuu wa kijiji uko karibu. Niulize nini ambacho hawatanijibu kwa "suala lako tunalifanyia kazi"?

#40 Hesabu Zangu
Usiulize mapato. Omba tarehe. Kampuni ililipa lini, wizara ilirudisha lini, jumuiya iligawa lini. Tarehe tatu, kwa kila msimu. Hapo utaona imekaa kwa nani muda mrefu, na utajua kama ni @Dereva wa Porini aliyesema kweli au ni @Pawaga Halisi.

#41 Wakili Kijana
Na omba nakala ya mkataba wa mwekezaji. Kijiji chako ni mwanachama wa jumuiya iliyousaini, nawe ni sehemu ya mkutano mkuu. Angalia kipengele cha wanyama waharibifu kama kipo. Kama hakipo, subirini mkataba ukaribie kuisha mkiingize, ndipo mna nguvu.

#42 Pawaga Halisi
Omba na orodha ya posho.

#43 Bibi Mstaafu
Mwanangu, uliza pia askari wa kijiji wangapi wamelipwa mwezi uliopita. Asiyelipwa hatakuja kwenye mahindi hata gari likiwa na mafuta.

#44 Ndalichako wa Mtaa
Ukitoka huko utuambie. Mimi bado nasema ni wazungu.